Jinsi ya Kupima Urejeo wa Kazi ya Mguu Baada ya Upasuaji wa Mfupa wa Kisigino

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa wa kisigino Eldoret, Kisumu au Nakuru ni nadra kufuatiliwa na mtu mmoja hadi mwisho. Daktari wa upasuaji humwona mara chache za kwanza, kisha mgonjwa hurudi kwao Siaya, Busia, Vihiga au Molo, ambako mhudumu wa fiziotherapia katika hospitali ya kaunti ndogo ndiye anayebaki naye. Na nauli ikikosekana, huenda miezi minne ikapita kabla hajaonekana tena. Ukifungua faili yake utakuta kila aliyemhudumia ameandika maneno yale yale: "Anaendelea vizuri." Yameandikwa kwa nia njema, lakini hayamwambii anayefuata iwapo mgonjwa huyo anatembea mita hamsini au kilomita tano, iwapo anaweza kuchuchumaa chooni, wala iwapo hali yake ya leo ni afadhali kuliko ya miezi mitatu iliyopita.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa fiziotherapia na maafisa wa kliniki ambao hupokea wagonjwa hawa bila maabara ya kupima mwendo na bila mashine za bei ghali. Vifaa vinavyohitajika ni tepu ya fundi cherehani, goniomita (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo) ya plastiki, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, kiti, ukuta, mizani ya kupimia uzito na njia iliyonyooka ya mita thelathini. Jambo la lazima kuliko vifaa ni kupima kwa namna ile ile kila mara, ili namba ya leo iweze kulinganishwa na namba ya kesho hata kama aliyepima amebadilika.

Mfupa huu na madhara ya kuvunjika kwake

Mfupa wa kisigino ndio mkubwa kuliko wenzake wote katika sehemu ya nyuma ya wayo. Kuvunjika kwake ni takriban asilimia 2 ya mivunjiko yote ya mifupa kwa watu wazima, na katika robo tatu hivi ya visa hivyo ufa huingia ndani ya kiungo kilicho chini ya kifundo. Sababu kuu ni kuanguka kutoka juu na kutua kwa miguu: fundi wa mjengo ambaye ubao wa jukwaa umevunjika chini yake, kijana aliyepanda mwembe, mtu aliyeteleza kutoka paa la mabati. Ajali za bodaboda nazo huongeza idadi. Uzito wa mwili hushuka kupitia mfupa wa juu yake na kuugongomea ule wa kisigino kama nyundo, nao hufupika kwa kimo, hupanuka kwa upana, na uso wake wa kiungo huzama.

Kila moja ya badiliko hizo huondoa kazi fulani ya mguu, na hapo ndipo tunapojua la kupima. Kimo kinapopungua, kano ya kisigino hupoteza sehemu ya nguvu zake za mwinuko, kwa hiyo mtu hushindwa kusimama kwa ncha za vidole na hatua yake hukosa msukumo. Upana unapozidi, kano zinazopita upande wa nje hubanwa na viatu vya zamani havimwingii tena. Kiungo cha chini ya kifundo kinapokakamaa, mguu hushindwa kujipinda ndani na nje ili kufuata ardhi isiyo sawa. Mtu wa namna hiyo anaweza kutembea vizuri kabisa kwenye sakafu ya kliniki, kisha akateseka kwenye udongo mweusi wa Ahero uliokauka na kupasuka, au kwenye mawe ya njia za Maseno na Seme. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sakafu ya hospitali isiwe mahali pekee pa kumpimia.

Picha ya eksirei haitoshi. Pembe iliyoelezwa na Lorenz Böhler wa Austria mwaka 1931, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 20 na 40, huonyesha iwapo kimo cha mfupa kimerudishwa, nayo inafaa kuandikwa katika faili. Lakini pembe nzuri kwenye picha na mguu unaofanya kazi ni mambo mawili tofauti. Nimewaona wagonjwa ambao picha zao zilisifiwa na kila mtu, ilhali wao wenyewe walikuwa hawajarudi shambani baada ya mwaka mzima. Hata mjadala wa kimataifa kuhusu iwapo upasuaji huu unafaa kwa kila mgonjwa umesimama juu ya vipimo vya matumizi ya mguu. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 haukuona tofauti ya jumla kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa, ingawa makundi fulani ya wagonjwa yalifaidika; na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 151 katika hospitali 22, haukuona tofauti ya maumivu na matumizi ya mguu baada ya miaka miwili, huku matatizo yakiwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa. Basi tusidhani kwamba upasuaji uliokamilika ni ushahidi wa kupona.

Maandalizi

Siku ya kwanza unayokutana na mgonjwa, hata kama bado yuko kitandani na mguu umeinuliwa juu ya mito, muulize alivyokuwa wiki moja kabla ya kuumia. Alikuwa akifanya kazi gani, alitembea umbali gani kwa siku, alibeba mizigo ya uzito gani, alikuwa na maumivu ya goti au mgongo tangu zamani? Andika majibu hayo kwa tarehe. Baada ya miezi sita kumbukumbu yake itakuwa imebadilika, na wengi wetu hukumbuka afya ya zamani kuwa bora kuliko ilivyokuwa. Hakikisha pia kwamba mgongo na mguu wa pili vimechunguzwa, kwa sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi walioanguka hivi huwa na jeraha la uti wa mgongo pia. Jeraha hilo lisipojulikana, litapunguza umbali anaotembea na lawama itabebeshwa kisigino.

Ratiba ninayoipendekeza ni wiki ya 2, ya 6 na ya 12, kisha mwezi wa 6, wa 12 na wa 24. Usiifupishe mwishoni. Urejeo wa mguu huu huendelea polepole hadi karibu miaka miwili, na mgonjwa anayefungiwa faili baada ya miezi sita huwa amepimwa katikati ya safari. Wiki ya pili hakuna kipimo cha kutembea. Kinachotakiwa ni kidonda, uvimbe, ganzi na maumivu. Mkato mpana wa upande wa nje wa kisigino hupona kwa shida, hasa kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari, na mshipa wa fahamu ulio karibu nao ukiguswa, ukingo wa nje wa mguu hubaki na ganzi. Ukiona usaha, kingo za kidonda zilizogeuka nyeusi, homa, au shavu la mguu lililovimba na kuuma, acha kupima na umrudishe mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kabla ya kipimo chochote cha kusimama, pata ruhusa iliyoandikwa kuhusu uzito ambao mguu unaruhusiwa kubeba. Madaktari wengi huzuia kukanyaga kwa wiki 6 hadi 12 kulingana na mvunjiko na vyuma vilivyowekwa. Ruhusa inapokuwa ya uzito kiasi, tuseme kilo 20, mfundishe mgonjwa kwa mizani: akanyage kwa mguu ulioumia huku amejishikilia kwa magongo, atazame mshale hadi ufike 20, arudie mpaka mwili wake uijue hisia hiyo bila kutazama. Andika kilo ulizoziona, maana nacho ni kipimo.

Kuuliza bila kupokea jibu la adabu

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Ukimuuliza mzee wa Nyakach, "Mguu unaendeleaje, mzee?" atakujibu, "Nashukuru Mungu, daktari, ni afadhali." Jibu hilo ni la heshima. Anakushukuru kwa kazi yako na hataki kukuvunja moyo, kwa hiyo si haki kulichukua kama kipimo. Muulize kuhusu tendo na siku: jana alitoka wapi akafika wapi bila kupumzika? Usiku maumivu yalimwamsha mara ngapi? Alipokwenda kanisani alisimama wakati wa nyimbo, au aliketi? Maswali ya namna hii hayamlazimishi mtu kulalamika, naye hujibu kwa uhakika.

Maumivu yapimwe mara mbili, akiwa amepumzika na baada ya kutembea, kwa kiwango cha 0 hadi 10. Asiyezoea kutaja namba kwa namna hii humsaidia kupewa punje kumi za mahindi, akaambiwa kwamba zote kumi ni maumivu makali kuliko yote anayoweza kuyawazia, kisha akatenga zinazolingana na maumivu yake. Mbinu utakayoichagua siku ya kwanza uiendeleze hadi mwisho kwa mgonjwa huyo.

Kipimo utakachokikuta katika tafiti nyingi za kisigino ni kile cha chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa miguu na vifundo, kilichotolewa mwaka 1994 na kujulikana kwa kifupi kama AOFAS. Kina alama 100: 40 za maumivu, 50 za kazi ya mguu na 10 za mnyooko. Zile 50 zimegawanywa hivi: shughuli na msaada wa kutembelea 10, umbali 5, aina ya ardhi 5, namna ya kutembea 8, kukunja kifundo juu na chini 8, kupinda kisigino ndani na nje 6, na uthabiti wa kiungo 8. Inafaa kila mmoja wetu akijue kwa undani, kwa nguvu zake na kwa udhaifu wake.

Tuchukue mfano wa fundi wa mjengo wa Kondele, miezi sita baada ya upasuaji. Ana maumivu madogo ya mara moja moja, alama 30. Anatembea bila gongo, na shughuli za nyumbani anazifanya zote, alama 7. Umbali wake unampa 4, ardhi yenye mawe inamsumbua kiasi, alama 3, na kuchechemea kunaonekana wazi, alama 4. Kifundo kinakunjika jumla ya nyuzi 22, alama 4. Kisigino kinapinda kama nusu ya mwenzake, alama 3. Kiungo ni thabiti, alama 8. Na mguu umenyooka, alama 10. Jumla ni 73.

Sasa tazama alama 7 za shughuli. Kipimo kinatenganisha shughuli za kila siku na zile za burudani, na fundi wetu hana burudani ya michezo. Alichopoteza ni kupanda ngazi na karai la zege begani, kazi iliyokuwa ikilisha nyumba yake. Ukiihesabu kazi hiyo kuwa shughuli ya kila siku, anashuka hadi daraja la alama 4, ambalo linamtaja mtu anayetembelea gongo, ilhali yeye hana gongo. Hakuna mstari unaomfaa kikamilifu. Wapimaji wawili waaminifu wanaweza kumpa alama tofauti bila yeyote kukosea. Suluhisho ni kukubaliana mapema katika kituo chenu, na kuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwamba kazi ya riziki inahesabiwa hivi. Umbali nao umeandikwa kwa mitaa ya miji ya Marekani, kipimo ambacho hakina maana kwa mtu wa Ugunja. Chagueni kiasi kimoja, kwa mfano mita 100 kwa kila mtaa, kisha mkigeuze kuwa mahali ambapo mgonjwa anapajua: hadi kisimani, hadi stendi ya matatu, hadi shule ya msingi.

Udhaifu mwingine ni ngazi za maumivu zinazoruka kutoka 40 hadi 30, hadi 20, kisha hadi 0. Mtu anayevuka ngazi moja tu hupanda alama kumi au ishirini kwa mkupuo, huku mwingine aliyepata nafuu ya kweli ndani ya ngazi ile ile akionekana hajasogea. Chama chenyewe kimeshatahadharisha kuhusu matumizi ya kipimo hiki katika tafiti mpya. Mimi ninakitumia pale ambapo daktari aliyempasua mgonjwa anakihitaji ili alinganishe na kumbukumbu zake, na kamwe hakibaki peke yake.

Pamoja nacho ninapendekeza hojaji moja inayojibiwa na mgonjwa mwenyewe. LEFS, iliyotolewa mwaka 1999, ina maswali 20 kuhusu miguu kwa jumla, kila moja likipewa 0 hadi 4, jumla ikiwa 80. Badiliko la alama 9 au zaidi huchukuliwa kuwa badiliko la kweli. FAAM, ya mwaka 2005, inahusu wayo na kifundo pekee, ina maswali 21 ya shughuli za kila siku na sehemu nyingine ya maswali 8 ya michezo. Katika FAAM, swali lisilomhusu mgonjwa huondolewa katika hesabu: akijibu maswali 20 na kupata jumla ya 52, gawanya kwa 80, nawe unapata asilimia 65. Chagua moja, usizichanganye. Muhimu zaidi, tafsiri ya maswali iandaliwe mara moja, irudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine ili kuona kama maana imebaki, kisha ichapwe. Mhudumu anayetafsiri papo hapo kwa Kiswahili leo na kwa Dholuo wiki ijayo huwa ametumia hojaji mbili tofauti bila kujua.

Tepu, goniomita na ukuta

Mpangilio wa siku ya kipimo uwe huu: maswali kwanza, kisha kutazama na kupima mgonjwa akiwa amelala au ameketi, kisha kutembea, na mwisho kabisa kusimama kwa ncha za vidole. Ukianza na lile gumu, maumivu yake yataingia katika majibu yote yanayofuata. Jaribu pia kumpima kwa saa zile zile, kwa kuwa mguu wa asubuhi na mguu uliosafiri saa tatu kwenye matatu hadi alasiri haulingani kwa uvimbe.

Uvimbe hupimwa kwa tepu inayozungushwa kwa umbo la namba nane. Anza mbele ya kifundo, katikati ya jicho la nje la mguu na ile kano inayotokeza mtu anapoinua unyayo. Pitisha tepu kuelekea ndani hadi kwenye kivimbe cha mfupa kilicho juu ya upinde wa wayo, ipite chini ya wayo hadi kwenye kivimbe cha mfupa wa kidole kidogo, ivuke juu ya mguu, ipite chini ya jicho la ndani, izunguke nyuma juu ya kano ya kisigino, ipite chini ya jicho la nje na kurudi ulikoanzia. Usiikaze hadi ngozi ibonyee. Pima mara tatu, andika wastani, na upime mguu wa pili vilevile. Upana wa kisigino hupatikana kwa kukibana kati ya vibao viwili vilivyosimamishwa wima na kupima nafasi iliyo kati yake. Milimita chache zinatosha kueleza kwa nini mwalimu amerudi kazini amevaa akala badala ya viatu vya ngozi.

Kukunja kifundo kupimwe kwa goniomita goti likiwa limekunjwa kidogo, na ruhusa ya uzito wote ikishatolewa, ongeza kipimo cha ukuta. Mgonjwa anaelekeza kidole gumba ukutani, anakunja goti hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha anarudi nyuma kidogo kidogo hadi afike mwisho wa uwezo wake. Pima sentimita kutoka kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita ni sawa na takriban nyuzi 3.6. Nakipenda kipimo hiki kwa kuwa hakihitaji jicho la mtaalamu, na kwa kuwa mkunjo huo huo ndio unaotakiwa katika kuchuchumaa, jambo la lazima kwetu kwa kuwa vyoo vyetu vingi ni vya shimo. Muulize mgonjwa waziwazi, kwa faragha, anavyojisaidia nyumbani. Wako wanaoketi juu ya ndoo au wanaoshikiliwa na mtoto, nao hawatalisema hilo mbele ya foleni.

Kupinda kwa kisigino ndani na nje ndicho kipimo chenye makosa mengi kuliko vyote, hata kwa wazoefu. Mlaze mgonjwa kifudifudi, miguu ikining'inia mwishoni mwa kitanda, shika kisigino chenyewe wala si vidole, na ulinganishe na mguu mzima kwa ngazi tatu: karibu sawa, nusu, au karibu hakuna. Usiandike nyuzi mbili zaidi kana kwamba ni habari njema. Kama visigino vyote viwili vilivunjika, mguu wa kulinganishia haupo, na hilo liandikwe wazi.

Kutembea na kusimama

Kipimo cha kuinuka na kwenda ni cha haraka: mgonjwa anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kuketi, nawe unahesabu sekunde. Kinafaa wiki za mwanzo, angali na magongo. Baadaye, kutembea kwa dakika sita katika njia ya mita thelathini huonyesha mengi zaidi. Hesabu mita zote, andika kama alitumia gongo, na usimhimize zaidi ya maneno mliyokubaliana, kwa kuwa sauti ya kutia moyo huongeza mita. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asimamishwe mara moja.

Kisha mtoe nje. Nyuma ya karibu kila zahanati kuna kipande chenye nyasi, kokoto na mteremko. Pima mita ishirini, weka alama mbili za kudumu, na uhesabu sekunde za kwenda na kurudi. Kipimo hiki ni chetu wenyewe, hakina alama za kimataifa, na namba zake zinalinganishwa na za mgonjwa huyo huyo tu. Hata hivyo ndicho kinachonionyesha kiungo cha chini ya kifundo kikiwa kazini. Mgonjwa anayetumia sekunde nyingi zaidi kwenye kokoto kuliko kwenye sakafu kwa umbali ule ule amenieleza tatizo lake lilipo.

Kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, huhesabiwa hadi sekunde 30. Mwisho ni kuinuka kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja, goti limenyooka, vidole vya mikono vikigusa ukuta ili asipoteze usawa tu. Hesabu mara alizoinuka kwa kimo kamili. Kimo kikishuka nusu, hesabu imekwisha. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufika 25 hivi, lakini mwenzake wa kweli ni mguu wake wa pili. Mwezi wa tatu wengi hawawezi hata mara moja, na waelezwe mapema kwamba hilo linatarajiwa.

Kazi ya mtu

Andika tarehe aliyorudi kazini, na kama ni kazi ile ile au nyepesi zaidi. Kwa mwendesha bodaboda, uliza ni mguu upi: breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia na gia hubadilishwa kwa kushoto, kwa hiyo kisigino cha kulia kisichokunjika ni hatari kwake na kwa abiria wake, na hapaswi kuruhusiwa barabarani kwa kutegemea alama za hojaji. Mketishe kwenye pikipiki iliyozimwa na umtazame akikanyaga breki mara ishirini mfululizo. Kwa mama anayeuza nyanya Kibuye, swali ni saa ngapi anasimama na anabebaje kreti. Kwa mkulima wa miteremko ya Bahati, ni kushuka, si kupanda, kunakomtesa.

Aliyeumia kazini huenda anafuatilia malipo chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na anajua kwamba namba zako zinaweza kusomwa na wengine. Mweleze kwamba vipimo hivi ni vya kuongoza matibabu yake, na kwamba tathmini ya ulemavu hufanywa na daktari kwa utaratibu wake. Usimshuku wala usimhoji kama mshtakiwa. Ukiona maneno yake na vipimo vyako havilingani, rudia kipimo siku nyingine na uandike ulichokiona bila kuongeza tafsiri.

Kusoma namba

Usifurahie wala kuhuzunikia badiliko dogo kuliko kosa la kipimo chenyewe. Alama 4 za LEFS si kitu. Alama 15 ni kitu. Tazama mwelekeo wa vipimo vitatu badala ya pengo la viwili. Namba ikisimama kwa miezi mitatu kabla ya mwaka kwisha, tafuta sababu: skrubu inayogusa kano, kano za upande wa nje zilizobanwa, kiungo kilichoanza kulika, au mgonjwa aliyeacha mazoezi kwa sababu hajamudu nauli. Namba ikishuka baada ya kupanda, huyo arudi kwa daktari akiwa na karatasi mkononi. Na mtu mwenye alama 73 kwa sababu ya maumivu hahitaji matibabu sawa na mwenye 73 kwa sababu ya kukakamaa. Kwa hiyo jumla isiandikwe kamwe bila vipande vyake.

Mwishoni mwa kila ziara, nakili vipimo katika karatasi mbili, moja ya faili na moja ya mgonjwa, ambayo ataitunza pamoja na kitambulisho chake na kuionyesha popote atakapopelekwa. Ya yule fundi, katika wiki ya 26, ingesomeka hivi:

"Kisigino cha kulia, vyuma vipo, uzito wote umeruhusiwa. Maumivu: akipumzika 0, akitembea 3. LEFS 51 kati ya 80. Wiki ya 12 ilikuwa 29. AOFAS 73: maumivu 30, kazi ya mguu 33, mnyooko 10. Ukuta: kulia sentimita 5, kushoto 11. Kisigino kinapinda nusu ya kushoto. Dakika sita: mita 390, bila gongo. Kokoto: sekunde 41, wiki ya 12 hakuweza. Ncha za vidole: kulia mara 6, kushoto 25. Anachuchumaa akishikilia mlango. Anachanganya zege chini; hajapanda jukwaa. Kipimo kijacho: mwezi wa 12."